Tangulieni Tu, Bosi

Ukimuuliza Tereza Ndahani kitu ofisini, anakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Tumekaa naye chumba kimoja pale Mtumba, mji wa serikali, mwaka wa sita sasa. Meza yake inatazama mlango wa mkurugenzi, yangu inatazama dirisha, na sijawahi kumwona akiacha simu ilie mara tatu. Ni katibu muhtasi, mwanamke wa miaka arobaini, mrefu, mwepesi wa kuinuka. Bosi akikohoa tu, yeye ameshasimama. Zamani nilikuwa namtania kwa hilo. Siku hizi nimeacha.

Haya ninayoyaeleza alinisimulia mwenyewe, kwa vipande, wakati wa chai au tukisubiri gari la wafanyakazi jioni. Mengine niliyapata kwa mdogo wake, Denis, ambaye hasira yake haijapoa mpaka leo.

Baba yao ni mzee Methusela. Bwawa la Mtera lilipoanza kujaa, miaka ile ya themanini mwanzoni, yeye alikuwa kijana wa Kigogo mchunga ng'ombe, hajui hata kuogelea. Wavuvi walipokuja kutoka kwenye maziwa makubwa, akawafuata. Wakamfundisha kutupa nyavu, kisha mmoja wao akamfundisha kuunda boti za mbao. Akaoa, akakaa kule na mkewe Paulina miaka mingi, Tereza na Denis wakazaliwa kule kule. Halafu ikaja miaka ya ukame. Maji yakakimbia, samaki wakapungua, na Paulina akafariki kwa homa iliyomchukua ndani ya siku nne. Mzee akawabeba watoto wake wawili akaja nao mjini Dodoma, mtaa wa Kizota, akaanza kutengeneza milango na vitanda. Kwa milango na vitanda hivyo Tereza akasoma mpaka chuo cha uhazili.

Mzee alikuwa hamwiti Tereza kwa jina. Alikuwa akimwita mama, kwa sababu alimpa jina la mama yake mzazi. "Mama umekula?" "Mama, mwambie Denis apunguze redio." Ndivyo walivyozoeana.

Miaka mitatu iliyopita macho ya mzee yakaanza kuharibika. Hospitali wakasema ni presha ya macho, na kwamba alichelewa kwenda. Wakampa dawa ya matone. Daktari alimweleza waziwazi kuwa dawa ile haitarudisha kilichopotea, itachelewesha tu kilichobaki. Akiangalia mbele alikuwa anaona, ila pembeni hakuna kitu. Mtu akimjia kwa ubavuni anashtuka.

Mzee hakulia wala hakulalamika. Alikwenda kwa wauza mbao, akachagua mkangazi, ubao mmoja mmoja, akiupapasa na kuunusa. Nyuma ya karakana, kati ya vitanda vya wateja, akaanza kuunda boti. Denis alidhani baba yake amechanganyikiwa. Boti Kizota? Maji yako wapi?

"Nataka niingie majini mara moja kabla hapajawa giza," mzee akamwambia. "Naifanya taratibu, usinisumbue."

Kazi ilimchukua mwaka na miezi minane. Boti ya mita tano, yenye makasia manne, mianya yake imezibwa kwa pamba na lami kama alivyofundishwa ujanani. Ilipokamilika, jicho la kushoto lilikuwa limeshafunga kabisa. Akachagua siku: Jumatatu ya Pasaka, kwa sababu ni sikukuu, na Tereza asingekuwa na kisingizio cha kazi.

Akapanga pia nani akae wapi. Denis atapiga makasia. Yeye mwenyewe atakaa nyuma na kasia la kuongozea. Tereza atakaa mbele kabisa.

"Mtera ina visiki," alimwambia. "Maji yalifunika msitu mzima, miti ikafia humohumo imesimama. Vingine vimechomoza, vingine viko chini kidogo tu ya maji. Denis anapiga makasia ametazama nyuma, haoni kitu. Mimi ndiyo hivyo. Wewe, mama, ndiye macho. Ukisema kushoto, nakwenda kushoto."

"Sawa baba."

"Usije ukasinzia."

"Nisinzie kwenye maji, baba?"

Wakacheka. Tereza ananiambia wiki nzima ile mzee alikuwa kijana.

Walitoka Kizota saa kumi na moja alfajiri na Canter ya jirani yao, Shaaban, dereva mtaratibu aliyekubali kuwapeleka kwa sharti moja tu: saa kumi jioni awe anarudi, kwa sababu kesho yake alfajiri alikuwa na magunia ya karanga ya kupeleka soko la Majengo. Boti ikafungwa nyuma, imetandikiwa magodoro mawili ya zamani. Mzee hakukubali kukaa mbele na dereva. Alipanda nyuma, akakaa kando ya boti, ameishika. Mlowa, Fufu, Chipogolo, kila kijiji wakipita watu wanasimama kushangaa boti inavyopita kwenye mashamba ya mtama.

Mwalo waliouendea, yaani mahali pa kushushia boti, una mteremko mmoja tu wa zege unaoshuka mpaka majini. Gari linarudi kinyumenyume, boti inasukumwa, gari linapanda, mwingine anaingia. Kushoto na kulia kwa mteremko ni matope meusi ya kuzamisha tairi, na mbele ya matope ni visiki. Siku za kawaida wavuvi wanautumia bila shida. Lakini siku za sikukuu watu wanatoka Dodoma na Iringa kuja kupumzika, na miaka hii wenye boti za starehe wameongezeka. Saa mbili na nusu walipofika, magari yalikuwa yamejaa mpaka barabarani.

Msimamizi wa mwalo alikuwa mzee Uwesu, Mrangi wa Kondoa ambaye zamani alivua pamoja na Methusela. Hawakuwa wameonana miaka ishirini na tano. Uwesu alimtambua kabla hajashuka kwenye gari.

"Mbukwa, Methusela!" akamsalimia kwa Kigogo, kisha wakakumbatiana muda mrefu. Uwesu akaizunguka boti, akapitisha kiganja kwenye maungio. "Mkono haujasahau," akasema. Akafungua daftari. "Wewe ni wa saba. Ningekuweka wa kwanza, ila hawa wote nimewaandika."

"Niandike wa saba," mzee akajibu. "Foleni ni foleni."

Wakangoja. Tereza anasema hajawahi kuona mahali padogo penye watu wengi wasio na haraka namna ile. Mtu alipofika chini ndipo alipoanza kufungua kamba. Mwingine ameshaiweka boti majini, anakumbuka majaketi yako kwenye gari, anapanda kuyatafuta, gari bado limeziba njia. Kundi la kanisa moja, wote fulana za bluu, walisimama katikati ya zege kupiga picha. Wakiambiwa wasogee wanasogea, wakimaliza kusogea wanarudi. Kijana mmoja alishusha gari lake dogo mpaka majini, akaanza kuliosha. Hana hata boti. Uwesu alipomfokea akauliza, "Kwani maji ni ya baba yako?" Wavuvi waliotoka majini na samaki wao walikosa pa kutokea, wakawa wanaelea tu na kutukana.

Mzee Methusela alikuwa amejiandaa tofauti. Alitaka kamba zote zifunguliwe mapema isipokuwa moja, makasia yawe yamelala mahali pake, viatu vimevuliwa. "Zamu yetu ikifika ni dakika mbili," alimwambia Denis. "Mtu asije akasema tumemchelewesha." Alirudia kukagua mara tatu, kwa vidole.

Saa nne, wa nne. Saa tano, wa tatu. Gari moja liliteleza kwenye utelezi wa kijani pale chini, likazama nusu, ikachukua saa nzima kulivuta. Jua la Mtera likawa linachoma. Tereza akampa baba yake maji na andazi, naye akala amesimama, uso umeelekea ziwani. Kutoka pale alikuwa anasikia makasia ya watu. "Huyo anapiga vibaya," alikuwa akisema. "Huyo naye, sikia, ndiye mwenyewe."

Saa saba na robo Uwesu akawaashiria: anayefuata ni ninyi. Shaaban akawasha Canter, akaligeuza, matako ya gari yakaelekea mteremkoni. Mzee akashika kamba ya mwisho.

Hapo ndipo honi ilipolia. Land Cruiser nyeupe ilipita pembeni ya foleni nzima ikiwa inavuta tela lenye boti ya faiba, nyekundu, mpya, injini imeinuliwa nyuma. Ilipofika usawa wa Canter ikakata mbele na kusimama juu ya zege.

Uwesu akaenda na daftari lake. "Samahani mheshimiwa, kuna foleni. Hawa wapo hapa tangu asubuhi."

Kioo kikashuka. Aliyekuwa ndani ni bosi wetu, mkurugenzi, Bwana Tumsifu. Simsingizii, hakuwa na hasira wala dharau usoni. Alikuwa anatabasamu, amevaa kofia ya majani, nyuma wamekaa watoto na mkewe, mama Gladness, amempakata mdogo.

"Mzee wangu, sisi ni dakika tu," akasema. Kisha akamwona Tereza amesimama kando ya Canter. "Ah! Kumbe ni watu wetu! Tereza! Umekuja kula Pasaka huku?"

"Shikamoo bosi," Tereza akasema, na mguu mmoja ukakunjika wenyewe.

"Marahaba. Hii ni ya kwenu?" Akaonyesha boti ya mbao kwa kidevu. "Nzuri. Sasa, Tereza, mna haraka?"

Uwesu alimwangalia. Denis alimwangalia. Watu wa nyuma kwenye foleni, waliokuwa wamechoka kama wao, walikuwa wanangoja aseme, kwa sababu ilikuwa ni zamu yake yeye, na neno lilikuwa lake. Baba yake hakugeuka. Alikuwa ameelekeza sikio.

"Hapana bosi," akasema. "Tangulieni tu."

"Nilijua," Bwana Tumsifu akamwambia Uwesu. "Umesikia mwenyewe."

Uwesu alifunga daftari lake. Shaaban akazima gari.

Mzee Methusela aliiachia ile kamba, akaishika tena. "Mama," akasema taratibu, "yule ni nani?"

"Bosi wangu, baba. Ni dakika chache."

"Haya."

Hazikuwa dakika chache. Boti iliposhuka, injini ilikataa kuwaka. Bwana Tumsifu akavuta, akavuta, akampigia simu aliyemuuzia. Land Cruiser ikabaki pale pale juu ya zege na tela lake ndani ya maji. Mama Gladness akashuka na watoto, akaangalia huku na huku, akamwona tena Tereza.

"Tereza mpenzi, hebu nisaidie hili boksi la vinywaji, mgongo wangu huu."

Tereza akaenda. Akashusha boksi la barafu. Akarudi kuchukua mkeka. Akarudi kuchukua sufuria la pilau lililofungwa kwa kanga. Akashuka nalo kwenye zege ile ile, amevua viatu, akipita mbele ya baba yake mara nne, tano. Denis alimshika mkono.

"Dada, unafanya nini?"

"Nawasaidia waondoke mapema. Wakiondoka tunaingia."

"Baba amesimama tangu asubuhi."

"Denis, ni bosi wangu. Wewe una bosi? Hujui."

Halafu mama Gladness akampa mtoto. "Nishikie kidogo tu nimvalishe huyu mkubwa jaketi." Mtoto akalala begani kwa Tereza.

Saa tisa upepo ukaanza. Mtu aliyeishi Mtera anaujua ule upepo wa mchana, unatoka kusini na kuinua mawimbi mafupi makali. Mzee aliuhisi shingoni. Alimuuliza Shaaban saa ngapi, akaambiwa. Shaaban hakumkumbusha kuhusu saa kumi, lakini mzee hakuwa mtu wa kusahau ahadi ya mwenzake.

"Tuishushe hapa pembeni," akasema.

Uwesu akakataa. "Methusela, hapo ni visiki. Ngoja kesho. Lala kwangu."

"Kesho gari halipo. Na kesho mwanangu yuko kazini." Akavua shati, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya godoro. "Tafuta watu wa kubeba."

Wavuvi wanane walikuja bila kuombwa mara ya pili. Waliibeba boti mabegani, wakaingia kwenye matope, mpaka magotini, mpaka mapajani, wakaifikisha kwenye maji. Na boti ikaelea. Denis anasema hilo lazima lisemwe: ilielea, imenyooka, haikuingiza hata tone. Wavuvi wakapiga vigelegele kama wanawake. Mzee akapandishwa, akakaa nyuma, akashika kasia lake. Denis akakaa katikati.

"Mama yuko wapi?" mzee akauliza.

Denis akasimama kwenye boti, akaita. "Dada! Dada Tereza! Njoo!"

Tereza alisikia. Alikuwa mita sitini kutoka pale, upande wa pili wa mteremko, na mtoto wa watu begani. Alimtafuta mama Gladness kwa macho. Alikuwa ndani ya boti nyekundu, ameinama, anafunga jaketi.

"Nakuja!" Tereza akajibu. Na akabaki pale pale.

Ananiambia angeweza kumlaza yule mtoto kwenye mkeka. Mkeka ulikuwa miguuni pake. Ameliwaza hilo kila siku.

Boti haikungoja. Upepo uliisukuma kutoka kwenye kina kifupi, na mzee akaona ni afadhali waende kuliko kusukumwa. "Piga," akamwambia Denis, "taratibu." Denis akapiga makasia mara sita au saba. Mara ya nane wimbi liliinyanyua boti na kuishusha juu ya kisiki kilichokuwa chini ya maji kiasi cha kiganja. Mlio wake, Denis anasema, ulikuwa wa mlango unaovunjwa kwa teke. Ubao wa chini ulipasuka kwa urefu. Mzee aliyekuwa amesimama kidogo ili ahisi upepo akaanguka kifudifudi juu ya ukingo, mbavu zikagonga, akaingia majini.

Maji yalikuwa ya kifuani tu. Wavuvi walimfikia mara moja, wakamtoa. Hakunywa maji mengi. Alikuwa anasema, "Niko salama, niko salama, shikeni boti." Lakini boti ilikuwa imekaa juu ya kisiki, na kila wimbi lilikuwa linaipasua zaidi.

Tereza alifika mbio, gauni limelowa mpaka kiunoni. Mtoto alikuwa amemrudishia mama yake, sasa. Alimkuta baba yake ameketi kwenye matope, kifua wazi, michubuko inatoa damu kidogo. Akapiga magoti.

"Baba, umeumia wapi?"

Mzee alimgusa uso, akaushika kama anayehakikisha ni nani. "Nipe shati langu," akasema. "Liko kwenye godoro."

Muda huohuo injini ya boti nyekundu ikawaka. Bwana Tumsifu alipiga kelele kutoka majini, "Pole sana mzee! Poleni! Tereza, ukitaka kuja tukupitie!" Akangoja jibu kidogo, akaondoka. Wimbi lake lilifika mpaka pale, likaitikisa boti ya mbao.

Dereva wa bosi akaipandisha Land Cruiser na tela lake. Mteremko sasa ulikuwa wazi.

Boti waliiacha kwa Uwesu. Walirudi wanne, mzee akakubali safari hii kukaa mbele, katikati ya Shaaban na Tereza, amevaa koti la dereva. Pale Chipogolo, Shaaban alisimamisha gari, akawanunulia chai. Mzee alishika kikombe kwa mikono miwili.

"Mkuu wako ana sauti nzuri," akasema. "Sauti ya mtu aliyelelewa."

Tereza akamwongezea sukari.

"Hakunisalimia," mzee akaongeza, akanywa chai yake.

Jumanne asubuhi Tereza alikuwa mezani kwake saa moja na nusu. Mimi sikujua lolote. Bosi alipoingia aliniita nami pia, akatusimulia Pasaka yake, na akafika kwenye kisa cha "mzee wa Tereza". Alikisimulia vizuri, akaigiza alivyoanguka, ila mwishoni akaweka uso wa huruma. "Wazee wetu jamani. Mtu wa umri ule hapewi boti. Tereza, mwangalieni." Tereza akasema, "Ndiyo bosi." Mimi nilicheka kidogo. Nilikuwa sijui, lakini nilicheka, na hilo liko kwangu.

Mbavu mbili za mzee zilikuwa na ufa. Zilipona ndani ya miezi miwili. Jicho la kulia halikungoja hata hiyo miezi miwili. Mwezi wa sita alikuwa haoni tena mwanga wa dirisha. Daktari alisema lingefunga tu, kuanguka kule hakukusababisha. Denis hakubali. Tereza anasema kwake ni yale yale.

Mwezi wa saba Tereza alipandishwa cheo. Alistahili, alikuwa amecheleweshwa miaka minne. Kwenye fomu, pale mkuu wa idara anapoandika maoni, Bwana Tumsifu aliandika kwamba ni mtumishi mwenye busara na anayejua kutanguliza wengine. Tereza alinionyesha karatasi ile. Alikuwa ameikunja mara nyingi mpaka ikawa ndogo. Tulinunua keki ofisini, akaikata, akalisha watu, akatabasamu kwenye picha.

Alikwenda Kizota kumwambia baba yake.

"Hongera, Tereza," mzee akasema. "Umefanya kazi."

Tereza alisubiri amwite mama. Hakumwita. Tangu siku ile ya Mtera alikuwa hajamwita hivyo tena, wala hakuwa amemnunia. Alimwitikia shikamoo yake, alikula alichomletea, alimuuliza habari za watoto. Kwenda kliniki alikwenda na Denis. Kukatwa kucha alikatwa na Denis. Tereza akinyanyuka kumshika mkono ampeleke uani, mzee anasema, "Kaa, umechoka na kazi," naye anatafuta ukuta mwenyewe.

Uwesu alipiga simu mwezi wa nane. Alikuwa ameivuta boti ufukweni, akaibadilisha mbao tatu, na wavuvi wanaomba ruhusa waitumie. Mzee akasema waitumie. Uwesu akasema, njoo basi, nitakuingiza majini mimi mwenyewe, siku isiyo na watu, mteremko wote utakuwa wetu. Denis alikuwa tayari kutafuta gari usiku uleule. Mzee alimshukuru Uwesu sana, kwa maneno mengi, akamtakia heri yeye na wajukuu zake, akakataa.

"Nilitaka kuona," akamwambia Denis baada ya kukata simu. "Kuelea tu, naweza kuelea hata kitandani."

Tereza alichelewa kuomba msamaha. Ananiambia kila Jumapili alikwenda na maneno yake, akarudi nayo. Siku moja ya mwezi wa kumi, baada ya ibada, Denis akiwa hayupo, alikaa kwenye mkeka mbele ya kiti cha baba yake.

"Baba, naomba unisamehe."

Mzee alikuwa anachonga mwiko, kazi anayoweza kuifanya kwa vidole. Aliendelea kidogo, kisha akaweka kisu chini.

"Nilikusamehe pale pale, nikiwa bado nimelowa," akasema. "Mzazi atafanya nini kingine? Hilo lisikusumbue."

"Linanisumbua, baba."

"Uliulizwa mna haraka," mzee akasema. "Nimefikiri sana juu ya lile swali. Angeniuliza mimi, ningemjibu. Mimi nilikuwa na haraka, Tereza. Na wewe ulikuwa unaijua haraka yangu kuliko mtu yeyote. Wewe ndiye uliyekuwa unanitia yale matone."

Tereza akalia. Mzee alimwacha alie, hakumnyamazisha, wala hakumgusa. Alipotulia akamwomba amtafutie kisu, kilikuwa kimeteleza chini ya kiti. Akampa. Akaendelea kuchonga.

Wiki ile Tereza aliandika barua ya kuomba uhamisho. Singida, Manyoni, popote. Nilimsaidia kuisahihisha. Utaratibu unataka barua kama hiyo ipitie kwa mkuu wako, atie maoni, ndipo iende mbele. Bwana Tumsifu aliisoma amesimama, akamwita ndani, mlango ukabaki wazi kidogo.

"Tereza, kuna mtu amekuudhi hapa?"

"Hapana, bosi."

"Basi una haraka gani? Nikikuachia nitampata wapi mwingine kama wewe? Iache kwanza. Tutaizungumza."

Aliiweka kwenye trei ya mafaili yanayosubiri. Hiyo ilikuwa mwezi wa kumi. Sasa tuko mwezi wa pili. Trei ile huwa inapangwa kila asubuhi kabla bosi hajafika, mafaili mapya juu, ya zamani chini. Anayeipanga ni Tereza.